Aliyesimama Haulizwi

Karakana ya Sofa,
nyuma ya soko
4 Januari

Mwalimu wangu mpendwa,

Shikamoo.

Usishtuke. Ni mimi, yule wa darasa la sita, dawati la tatu kutoka mlangoni, mtoto wa yule mama mrefu aliyekuwa akisinzia kwenye mikutano ya wazazi. Kama bado hujanikumbuka, basi mimi ni yule aliyesimama. Hapo najua umeshanikumbuka.

Katibu wa shule alinipa namba yako ya simu, nikakaa nayo wiki nzima nisipige. Ningepiga ningelia, nawe hukupenda watoto wa kulialia. Bora barua. Wewe ndiye uliyetufundisha: anwani kulia, tarehe chini yake, salamu kabla ya shida. Ukikuta nukta imepotea, tafadhali usinirudishie na wino mwekundu. Nina miaka thelathini na moja sasa.

Mimi ni fundi wa sofa. Wanaume wa hapa walinicheka mwanzoni, siku hizi wananiletea viti vyao walivyoviharibu wenyewe. Nina binti mmoja wa miaka tisa, nyumbani tunamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haupumziki. Anauliza mpaka mteja anasahau alichofuata.

Nimechukua fomu ya shule yetu. Ndiyo, naiita yetu, nisamehe. Ukurasa wa kwanza bado una maneno yaleyale ya ukutani: lengo la shule hii ni kulea mtoto atakayetenda haki hata pasipo mtu wa kumwona. Nimeyasoma nikasisimka kama zamani. Ukurasa wa tatu ndio umenikwamisha. Wanauliza: kama mzazi aliwahi kusoma hapa, aeleze aliondokaje. Nimeandika kwa penseli na kufuta mpaka karatasi imetoboka.

Unaikumbuka siku ile. Mtihani wa hesabu, mlango wazi, meza ya mwalimu tupu, na ubaoni maneno ya kila mtihani: Mungu ndiye Msimamizi. Shule nyingine walimu walizunguka kama askari wa gereza, sisi tuliachwa peke yetu, tukajiona watoto wa maana sana. Saa ilipokwisha ukarudi, ukasimama mbele, ukasema taratibu, "Kuna mmoja humu amedanganya. Mungu amenionyesha ni nani. Nampa nafasi asimame mwenyewe." Nikasimama. Hakuna aliyeniuliza kitu, maana sheria ya shule ndiyo ile, aliyesimama haulizwi. Mwalimu mkuu akasema nikapumzike nyumbani hadi muhula ujao, mama akaona aibu kunirudisha, na elimu yangu ikaishia hapo.

Sikulaumu hata kidogo. Tangu siku ile nimeishi nikijua kwamba Mungu anaona mpaka ndani ya kichwa, na ndiyo sababu namtaka Chiriku asome pale. Naomba tu uniambie niandike nini.

Ni mimi mwanafunzi wako,
Fundi


Nyumbani
15 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imenifikia. Mwandiko umekomaa, ingawa bado unaweka mikato pasipohitajika.

Kwenye nafasi ile andika, "Alihama." Inatosha, usieleze zaidi. Katibu hatauliza.

Kuhusu binti yako, ningekushauri umtafutie shule iliyo karibu na karakana. Zipo nzuri, na hatachoka njiani. Mtoto mwenye maswali mengi anaweza kupata taabu kwetu.

Mimi nipo. Nimestaafu mwaka wa nne sasa. Magoti yananisumbua, na kiti changu cha kusomea kimechakaa, kuna springi moja inanidunga kila ninapoanza kukaa vizuri. Mwezi wa nne shule inatimiza miaka arobaini. Wanataka ukumbi mpya uitwe kwa jina langu. Niliwaambia si lazima, hawakunisikiliza.

Usiendelee kuyawaza ya zamani. Ulikuwa mtoto.

Mwalimu wako wa zamani


Karakana ya Sofa
22 Januari

Mwalimu,

Shikamoo.

Barua yako niliisoma nikiwa nimekalia sponji la mteja, nikairudia nimesimama. Nimeelewa. Hujanisamehe.

"Mtoto mwenye maswali mengi anaweza kupata taabu kwetu." Hapo umenichoma, Mwalimu. Unaogopa damu yangu. Unaona aliyezaliwa na mwizi wa majibu naye ataiba majibu. Sawa. Basi acha niseme lote, kwa sababu siku ile sikuulizwa, na wewe najua unalijua tayari, Mungu alikuonyesha. Ila mimi sijawahi kulitoa mdomoni.

Hesabu sikunakili. Sikuangalia karatasi ya mtu wala sikumwonyesha mtu yangu. Kosa langu lilikuwa lile la asubuhi. Unakumbuka mlitugawia vile vikadi tujaze wenyewe? Jina, kanisa, kazi ya mzazi. Wa kulia kwangu akaandika daktari, wa kushoto akaandika mhandisi. Mama yangu alikuwa anafagia wodi ya wazazi na kumwaga mabeseni. Nikaandika muuguzi. Nilikiandika kwa mwandiko mzuri kuliko vyote nilivyowahi kuandika, nikakirudisha mezani kwako nikiwa na furaha.

Saa mbili baadaye ukasema Mungu amekuonyesha aliyedanganya. Miguu ilisimama yenyewe, Mwalimu. Nilipofika uwanjani ndipo nikasikia watoto wanasema nimenakili hesabu. Ningesema nini? Ningejitetea, mama angejua kwamba nilimwonea aibu. Nikaona heri niitwe mwizi wa majibu kuliko mtoto aliyemkana mama yake kwenye kikadi.

Mama hakunipiga. Alisema mara moja tu, tukiwa tunakunja nguo, "Ungeniambia hesabu zinakushinda, ningekutafutia mtu." Hakulirudia tena. Amefariki mwaka wa sita sasa, na amekwenda akiamini hivyo.

Kwa hiyo nakuomba msamaha kwa lile la kikadi, wewe uliyelijua siku zote ukanifichia. Fomu nimeshaipeleka. Nimeandika "Alihama" kama ulivyoniagiza, nimedanganya kwa ruhusa yako. Wamempokea Chiriku, darasa la nne.

Fundi


Karakana ya Sofa
30 Machi

Mwalimu,

Miezi miwili kimya. Nilikuombea nikidhani unaumwa, kumbe katibu anasema unakuja kila wiki kuangalia maandalizi ya sherehe. Basi na iwe. Sikuandikii kwa ajili yangu.

Chiriku amesimama.

Ilikuwa mtihani wa sayansi, wiki iliyopita. Mwalimu wao ni yule kijana mwenye sauti nzuri anayeongoza kwaya. Akarudi darasani akasema maneno yaleyale, kama ameyakariri kwako, na mtoto wangu akasimama. Kengele ya mchana haijalia, nikaitwa nikamchukue. Apumzike nyumbani hadi muhula ujao, wamesema, kwa upendo kabisa, na mwalimu mkuu akatuombea tukiwa wima pale ofisini. Nilitembea naye hadi nyumbani bila kumshika mkono.

Nitakuambia na aibu yangu. Nilimchapa kwa rula ya mbao ninayopimia vitambaa. Mara mbili. Baada ya hapo ndipo nikamwuliza amefanya nini, yaani nilianzia mwisho. Akaniambia, huku kamasi zinamtoka, "Mama, kwenye mtihani sikufanya kitu. Nilidhani Mungu amemwambia mwalimu kwamba wakati wa sala huwa nafumbua jicho moja."

Jicho moja, Mwalimu! Nilikaa sakafuni kwenye vumbi la sponji. Nilijiona mimi mwenyewe na kile kikadi.

Kesho yake nikarudi shuleni na gundi ikiwa bado vidoleni, nikamkuta yule kijana. Nikamwuliza kwa heshima, "Mwalimu, ulionyeshwa nini hasa?" Akaangalia chini, akaangalia ukuta wa stoo ya vitabu, akaniambia, "Aliyesimama haulizwi, mama." Nikamwambia mimi sijasimama, mimi nauliza. Akaondoka haraka akasema ana kwaya.

Sasa nisaidie, maana kichwa changu ni cha fundi. Kama Mungu alimwonyesha, alimwonyesha mtu aliyedanganya kwenye mtihani. Chiriku hakudanganya. Mungu hakosei mtoto. Aliyekosea ni nani? Na kama huyu kijana alikosea, wewe je, siku ile? Uliona nini, Mwalimu?

Nijibu, tafadhali. Mtoto ameacha kusali. Anasema anajaribu kukaa bila kuwaza chochote ili Mungu asipate cha kwenda kusema. Amekaa kimya siku nne. Chiriku, kimya! Na mimi nimeanza kuona aibu ya kumrudisha shule, kama mama alivyoona. Nisipojua ukweli nitamtoa, na yatamkuta yaliyonikuta.

Fundi


Nyumbani
9 Aprili

Mwanangu,

Nimechana barua tatu kabla ya hii.

Mungu hakunionyesha kitu. Niliona mwenyewe.

Unaijua stoo ya vitabu, ile iliyopakana na darasa la sita. Juu kidogo kwenye ule ukuta kuna tofali la matundu la kupitisha hewa, na mbele yake kwa upande wenu ilitundikwa picha ya mwanzilishi wa shule, imeinamishwa kidogo. Picha hiyo haikuinama kwa bahati mbaya. Ndani ya stoo kulikuwa na boksi la Biblia ambazo hazikuwahi kufunguliwa. Mwalimu alipanda juu ya boksi hilo, akachungulia. Nilipoajiriwa, mwalimu mkuu wa wakati ule alinipa funguo mbili, wa darasa na wa stoo, akanieleza hayo yote kwa dakika tano, kisha tukasali.

Miaka ya mwanzo haikuwa hivyo. Nataka ujue hilo. Mwanzilishi aliwaacha watoto peke yao kwelikweli, akaenda kunywa chai, na walinakili wachache kama kokote. Halafu mwaka mmoja darasa zima likanakili, majibu yote sawasawa na makosa yote sawasawa, na shule ikaona haya kukiri kwa wazazi. Likageuzwa tofali moja ili mwalimu aweze kuchungulia, iwe kwa mwaka ule tu. Lakini mwaka uliofuata hakunakili mtu, wazazi wakasifu, shule za mbali zikaja kujifunza kwetu. Tungesemaje tena?

Nilijiambia ninalinda imani yenu. Mwalimu akimwita mtoto kwa jina lake, ataulizwa amejuaje. Ndiyo sababu tukawa tunasema Mungu ametuonyesha, na mtoto anasimama mwenyewe. Na ndiyo sababu aliyesimama haulizwi. Watu waliona ni huruma. Ilikuwa ni kujificha, kwa sababu ukimwuliza mtoto utamjibu, na ukijibu utasema ulikuwa wapi.

Siku ile niliona mtoto mmoja akitoa karatasi kwenye soksi. Alikuwa dirishani, dawati la mwisho. Jina lake sitaliandika, alikuwa mtoto pia. Nilirudi darasani nikisubiri asimame yeye, ukasimama wewe. Dawati la tatu kutoka mlangoni halionekani kabisa kwenye lile tundu, mwanangu. Katika darasa zima, wewe ndiye niliyekuwa na hakika kwamba sikukuona.

Ningesema, "Kaa, si wewe." Maneno matatu. Mwalimu mkuu alikuwa mlangoni, na ninyi watoto mngeniuliza nimejuaje kwamba si wewe. Nikafunga mdomo. Mama yako alipokuja kukuchukua nilikuwa nimesimama palepale mlangoni, na nilimpa mkono.

Sikuwahi kujua ulisimama kwa nini. Nilijifariji kwamba labda nawe ulikuwa na lako la mtihani. Miaka kumi na tisa nimelala juu ya hiyo "labda". Barua yako ya Januari, ile ya kikadi, iliiondoa. Nilishindwa kujibu si kwa ugonjwa. Nilikuwa nakwenda kila wiki kuchagua rangi ya mapazia ya ukumbi utakaoitwa kwa jina langu, na juu ya mlango wake wanaandika Mungu ndiye Msimamizi.

Nakuonea haya. Namwonea haya mama yako, ambaye siwezi tena kumwandikia. Na huyo kijana wa kwaya nilimfundisha mimi kazi, ufunguo wa stoo nilimkabidhi kwa mkono wangu.

Chiriku hakufanya kosa. Mwambie Mungu hakumsemea kwa mtu. Mwambie ni watu waliochungulia.

Niambie unataka nifanye nini.

Mwalimu wako


Karakana ya Sofa
14 Aprili

Mwalimu,

Nimeisoma. Sikulia. Nilikuwa na kiti cha mtu mkononi, nikakishona chote upande usio wake, nikakifumua.

Unajua nimeishije? Nabadilisha nguo nikiwa nimejifunika shuka, nikimwonea haya Mungu. Nikimkasirikia mteja kimoyomoyo, namwomba radhi kwa sauti, watu wananiona nina wazimu. Nilikataa mchumba mzuri kwa kuwa niliwahi kumwonea wivu dada yake, nikaamini siku ya harusi mchungaji angeonyeshwa. Ndio ucha Mungu wangu huo. Kumbe ni wewe juu ya boksi!

Lakini hayo ni yangu, nitayabeba. La mama ndilo sijui niliweke wapi. Dunia nzima, aliyejua kwamba sikunakili alikuwa wewe peke yako, na mama alikuwa mbele yako amesimama. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, niliona viatu vyenu tu. Nilikusikia ukimwambia, "Pole, mama." Sikio langu limelishika hilo mpaka leo. Pole! Ungemnong'oneza tu njiani, mwanao hakuiba. Angelibeba hilo mpaka kaburini badala ya lile lingine.

Umeniuliza nataka nini. Msamaha sina leo, usiuombe. Nataka usimame. Siku ya ukumbi, mbele ya wazazi na wachungaji na wale watoto wote wanaofumba macho kwa woga. Usiwaandikie barua. Barua watafungia kabatini.

Mimi siji. Nikikuona kwa macho sijui nitafanya nini. Chiriku atakuja na jirani yangu wa duka la gundi. Yeye ana haki ya kusikia.

Fundi


Nyumbani
2 Mei

Mwanangu,

Chiriku atakuwa amekueleza, lakini mtoto husimulia anapopapenda. Nami nataka uyasikie yale ambayo hakuyaona.

Niliamka mgonjwa. Niliomba niwe mgonjwa zaidi, nisiende. Nilikwenda. Wakaniketisha mstari wa mbele kwenye kiti kipya chenye mto, karibu na bamba la jina langu, limefunikwa kitambaa cheupe. Nilitazama viti vya nyuma kama umekuja. Nilipomwona Chiriku na yule jirani yako nilijua ndiye, ana paji la uso la mama yako.

Waliposoma lengo la shule watoto wakaitikia kwa pamoja, tutatenda haki hata pasipo mtu wa kutuona. Nikaitwa niseme neno. Nilikuwa nimeandika kurasa mbili, karatasi zikagandana mkononi kwa jasho. Nikasema, "Ndugu zangu, nimesimama hapa kwa sababu niliikosea shule hii na nilimkosea mtoto mmoja vibaya sana."

Mwalimu mkuu alikuwa ameshafika ubavuni kwangu kabla sijameza mate. Akanishika kiwiko, akachukua kipaza sauti. "Mnaona?" akasema. "Huu ndio unyenyekevu tunaoufundisha hapa. Mwalimu wetu amesimama. Na sisi tunajua, aliyesimama haulizwi." Watu wakapiga makofi. Akina mama wengine walifuta machozi. Mchungaji akaanza kutafuta wimbo.

Na mimi nikakaa.

Nakuandikia hili kwa sababu hakuna mwingine atakayekuambia. Nilikaa, na nilifurahi. Nilijisema moyoni kwamba nimesimama kama ulivyotaka, wao ndio hawakuuliza. Sheria niliyojifichia miaka yote ilikuja kunifunika tena, na niliiacha inifunike. Kile kiti kilikuwa laini, mwanangu.

Makofi yakaisha. Kwaya ilikuwa bado inapekua vitabu. Hapo ikatoka sauti nyuma, si ya ukorofi, ya mtu anayetaka kujua tu.

"Bibi, umefanya nini?"

Ukumbi mzima ukageuka. Jirani yako alikuwa anamvuta sketi akae. Akajitoa, akapanda juu ya kiti, akarudia taratibu, kama aliyedhani mimi ni kiziwi. "Bibi. Umesema umekosea. Umefanya nini?"

Tangu niwe mwalimu sikuwahi kuulizwa swali hilo na mtu yeyote. Mwalimu mkuu akamwambia kwa upole kwamba hatuulizi. Chiriku akamjibu, "Mimi nauliza." Nadhani amelisikia kwako.

Nikasimama mara ya pili. Kipaza sauti sikupewa, nikatumia sauti ya darasani. Nikasema stoo. Nikasema tofali, picha, boksi la Biblia nililokuwa nakanyaga. Nikasema kwamba Mungu hakuwahi kunionyesha mtoto yeyote. Nikasema kwamba binti wa yule mama mrefu hakuiba jibu hata moja, na kwamba nililijua hilo siku ileile, mama yake akiwa mbele yangu. Nililirudia mara mbili, nilitaka walioziba masikio walisikie nao. Watu wengine walitoka. Mzazi mmoja aliniita mwongo wa kanisa, sikumkatalia. Yule kijana wa kwaya alikuwa amekaa na kitabu cha nyimbo usoni, mabega yanatikisika.

Bamba halikufunuliwa. Sijui wataandika nini juu ya ule mlango, si kazi yangu tena.

Walipokuwa wanatoka, Chiriku akaja akanishika kidole. Akataka kuliona hilo tundu. Tukaenda, mimi na magoti yangu, jirani yako nyuma akilalamika. Kijana wa kwaya akatufungulia stoo. Boksi liko palepale. Chiriku akapanda, akachungulia muda mrefu, akauliza mama alikuwa anakaa wapi. Nikamwambia dawati la tatu kutoka mlangoni. Akajinyoosha, akainama huku na huku, akashuka na vumbi kwenye pua.

"Mama haonekani," akaniambia.

Nikamwambia ndiyo, haonekani.

Sina jingine la kusema. Sikuombi kitu.

Mama Kengele
(Najua ndivyo mlivyokuwa mkiniita. Mlidhani sijui.)


Karakana ya Sofa
6 Mei

Mwalimu,

Shikamoo. Mwezi uliopita sikukuamkia, mama angenisema.

Chiriku ameanza tena kusema, na nimejuta, maana amesema mfululizo siku nne. Yote uliyoandika ameyasema, isipokuwa lile la kukaa na kufurahi. Hilo umeliandika mwenyewe. Nililisoma mara nyingi kuliko mengine.

Yule kijana alikuja karakana, peke yake, bila Biblia mkononi. Akakaa kwenye stuli, akamwuliza Chiriku, "Ulisimama kwa nini siku ile?" Akaambiwa la jicho moja. Akacheka, halafu akashindwa kumalizia kicheko. Akamwomba mtoto radhi mbele yangu. Mimi nami nikamwomba Chiriku radhi kwa ile rula, nikachelewa wiki tano. Akaniuliza kama naweza kuitupa. Nikamwambia rula ni ya kazi. Tukakubaliana itakaa juu ya kabati.

Jana nimeenda kumrudisha shule. Getini nilijiona mtoto tena, ila nilimshika mkono. Nikaomba fomu mpya, katibu akaniambia ile ya kwanza haina tatizo. Nikamwambia ina uwongo. Pale wanapouliza mzazi aliondokaje, nimeandika: "Alisimama, hakuulizwa." Na kwa kuwa fomu haina nafasi ya kazi ya bibi, nimeandika pembeni, kwa wino: "Bibi wa mtoto huyu alifagia wodi ya wazazi miaka ishirini na miwili." Mwandiko wangu haukuwa mzuri kama wa kile kikadi. Mkono ulikuwa mzito. Katibu alisoma, akagonga muhuri.

Msamaha bado sijauona, Mwalimu. Nautafuta, sikudanganyi. Lakini hiyo springi inayokudunga naijua dawa yake. Tafuta mtu wa kukubebea hicho kiti, nawe uje nacho mwenyewe. Utakaa kwenye stuli wakati nakifumua. Ni kazi ya siku nzima, na nitakuwa na maswali.

Nitakuuliza habari za mama siku ile alipokuja kunichukua. Alivaa nini? Aliingia kwa haraka au polepole? Uliposema pole, alijibu nini? Alinitazama? Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa, viatu ndivyo nilivyoona. Watu wazima wengine waliokuwa pale wote wamekufa. Umebaki wewe, na wewe ulikuwa umesimama mlangoni.

Uje unieleze ulichoona.

Fundi,
mtoto wa mfagia wodi